Mwanangu ana shahada na anaendesha bodaboda. Je, elimu bado inamtoa mtoto wa mkulima?

Swali: Mimi ni mkulima wa alizeti mkoani Singida. Kijana wetu wa kwanza tulimsomesha kwa kuuza ng'ombe na ekari tatu za shamba, maana mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) alipata nusu tu. Alimaliza shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2021 kwa GPA (wastani wa alama) ya 3.9, na leo anaendesha bodaboda ya mkataba Dodoma. Mtoto wa jirani yetu alisoma naye chuo kimoja, darasa moja, GPA yake ikiwa chini ya hiyo, naye yuko benki Dar es Salaam. Baba yake ni mwalimu mstaafu, na kijana huyo alikaa kwa mjomba wake Dar karibu mwaka mzima akijitolea kwenye ofisi moja kabla ya kuajiriwa. Sasa binti yetu yuko kidato cha nne na anafanya vizuri. Baba yao anasema hatuuzi tena kitu kwa ajili ya shule, binti aende VETA, chuo cha ufundi, akajifunze ushonaji. Wewe unayetafiti mambo haya, tuambie ukweli: elimu bado inamtoa mtoto wa maskini, au tulidanganywa?

Jibu: Mama, shikamoo. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Binti asitolewe shuleni. Lakini namna mlivyomsomesha kaka yake, yaani kumalizia mali yote kwenye ada na kufika siku ya mahafali mikono mitupu, msiirudie. Katika barua yako umetaja kwa kupita tu kwamba kijana wa jirani alikaa kwa mjomba wake karibu mwaka mzima akijitolea. Kwangu mimi hapo ndipo penye habari yenyewe. Nitapafikia, ila kwanza nieleze kwa nini shahada ya mwanao haikumfikisha mahali ambapo shahada ya mwaka 1970 ilimfikisha mtu.

Wazee waliosema "soma uajiriwe" walisema walichokiona kwa macho yao. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, Waafrika wenye shahada walikuwa wachache mno, na viti vilivyoachwa na maofisa wa kikoloni vilihitaji watu wa kuvikalia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashirika ya umma yakaongezeka, kila moja likitaka wahasibu, mameneja na wakaguzi wake. Aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipangiwa kazi na serikali. Mtoto wa mfugaji akawa mkurugenzi, na habari zake zikasimuliwa kijiji kizima. Hata hivyo, wakati huohuo Mwalimu Nyerere alikuwa anaonya. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 alisema ni kama asilimia 13 tu ya watoto wa shule ya msingi watakaopata nafasi ya sekondari, ilhali shule nzima inaendeshwa kana kwamba wote watakwenda huko na baadaye ofisini. Walio wengi walikuwa wanaandaliwa kwa maisha ambayo hawatayapata.

Jambo la namna hiyo lilitokea Uingereza pia, na huko lilipimwa vizuri. Mwanasosholojia John Goldthorpe wa Oxford na wenzake walitumia mahojiano ya mwaka 1972 na wanaume takriban 10,000 wa England na Wales, wakalinganisha kazi zao na kazi za baba zao. Walikuta watoto wengi wa vibarua wa viwandani na migodini wamekuwa wahandisi, walimu na mameneja. Mtu angeweza kusema hapohapo kwamba nchi imekuwa ya usawa. Goldthorpe akauliza swali la pili: ukimchukua mtoto wa kibarua na mtoto wa meneja, ni nani mwenye nafasi kubwa zaidi ya kushika kazi ya juu, na pengo hilo limepungua kwa kiasi gani kutoka kizazi hadi kizazi? Akakuta pengo halijapungua sana. Waliopanda walipanda kwa sababu baada ya vita kazi za ofisini ziliongezeka mno, zikawazidi watoto wa wakubwa waliokuwepo wa kuzijaza.

Nafasi zinapoongezeka, mtoto wa mkulima na mtoto wa ofisa wanapanda wote, na hakuna anayemwona mwenzake kama mshindani. Zikiacha kuongezeka, ndipo tunapogundua kwamba hawakuwahi kuwa sawa. Kwetu ziliacha kuongezeka miaka ya 1980. Uchumi ukayumba, serikali ikatia saini mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, ajira serikalini zikabanwa, na miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa na maelfu wakapunguzwa kazini. Baadaye shule zikaongezeka kwa kasi: mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, kuanzia 2002, shule za kata katikati ya muongo huo, elimu bila ada kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa. Sikubaliani hata kidogo na wanaosema shule za kata zilikuwa kosa. Bila hizo, mabinti wengi wa Singida wangeishia darasa la saba kama ilivyokuwa kwa mama zao. Ila ukizidisha wenye vyeti bila kuzidisha kazi, thamani ya cheti kwenye soko la ajira inashuka, na wa kwanza kuumia ni yule ambaye hana kitu kingine zaidi ya hicho cheti.

Hili lilielezwa vizuri sana na Ronald Dore, mwanasosholojia Mwingereza aliyejulikana zaidi kwa utafiti wake wa Japani. Mwaka 1976 alitoa kitabu kuhusu kile alichokiita ugonjwa wa vyeti, akilinganisha Uingereza, Japani, Sri Lanka na jirani zetu Kenya. Anatoa mfano wa kampuni ya mabasi. Kondakta anaajiriwa kwa cheti cha chini cha sekondari, karani kwa cheti cha juu, na mshahara wa karani ni mkubwa kidogo. Miaka inapita, wenye cheti cha juu wanakuwa wengi kuliko nafasi za ukarani. Baadhi yao wanaona heri ukondakta kuliko kukaa bure, wanaomba. Kampuni inawachukua hao kwanza kwa kuwa wamesoma zaidi. Mwishowe makondakta wote wana cheti cha juu, na tangazo la kazi linaandikwa hivyo. Kazi haijabadilika: ni kukata tiketi zilezile katika basi lilelile. Kilichobadilika ni gharama ya kuipata, na gharama hiyo inalipwa na wazazi.

Dore aliongeza hoja inayotugusa sisi moja kwa moja. Uingereza ilijenga reli na viwanda vyake kwa kiasi kikubwa kwa watu waliojifunza ufundi kazini, chini ya fundi mkuu, na mitihani ilikuja baadaye. Nchi iliyochelewa kuanza viwanda inaanza na ofisi zinazoajiri kwa vyeti tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kadiri nchi inavyochelewa, ndivyo cheti kinavyotawala zaidi, ndivyo masharti yanavyopanda kwa kasi zaidi, na ndivyo shule inavyogeuka kuwa mahali pa kukariri majibu ya mtihani.

Tumeyaona hapa kwetu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu zaidi ya 10,000 kwenye usaili wa nafasi 70, na mahali palipowatosha palikuwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilipokea maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596, yaani karibu waombaji 85 kwa kila nafasi moja. Hakuna ofisa anayeweza kuwasoma watu wote hao mmoja mmoja. Anachuja kwa shahada, kisha kwa GPA, kisha kwa "uzoefu usiopungua miaka mitatu". Na cheti kikishakuwa na uzito wa namna hiyo, wapo watakaokitafuta kwa njia yoyote: Aprili 2017 uhakiki wa serikali ulitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Ukiishia kwa Dore, Mama, utakubaliana na mzee kwamba shule ni kupoteza mali. Mimi siishii hapo, kwa sababu kuna utafiti mwingine uliofanyika hapahapa Afrika Mashariki na ambao ningependa kila mzazi aujue. Mwaka 1980 yalifanyika mahojiano na wafanyakazi wa mshahara katika miji ya Nairobi na Dar es Salaam, na wachumi John Knight na Richard Sabot wakayachambua kwa miaka kadhaa. Walizichagua nchi hizi mbili kwa sababu zilifanana kwa mengi lakini zilitofautiana kwenye sekondari. Kenya iliziacha shule za Harambee, zilizojengwa na wananchi wenyewe, zifunguliwe kila mahali, Tanzania iliibana sekondari kwa makusudi ili ilingane na mahitaji ya wataalamu yaliyokadiriwa na serikali. Wafanyakazi hawakuulizwa tu wamesoma hadi wapi. Walipewa mtihani wa kusoma na kuhesabu, pamoja na jaribio la akili la picha lisilohitaji kujua kusoma.

Sehemu moja ya matokeo inamuunga mkono Dore: Kenya, kadiri wahitimu wa kidato cha nne walivyoongezeka, ndivyo waliomaliza baadaye walivyoangukia kazi za chini kuliko kaka zao waliotangulia na cheti kilekile. Lakini sehemu ya pili inampinga. Katika nchi zote mbili, kilichopandisha mshahara kwa nguvu ni uwezo halisi wa kusoma na kuhesabu. Akili ya kuzaliwa, kama ilivyopimwa na lile jaribio la picha, haikuongeza kitu kikubwa kwa yenyewe. Kati ya watu wenye cheti kimoja, aliyekuwa amejifunza kweli alilipwa zaidi ya aliyepita tu. Maana yake ni kwamba mwajiri anaweza kuajiri kwa karatasi, lakini mtu akishaingia kazini, kilichomo kichwani kinaonekana na kinalipwa.

Ndiyo maana siwezi kukwambia shule haina faida. Shule inafanya kazi mbili: inampa mtoto ujuzi, na inampa nafasi kwenye foleni. Ujuzi wa mwanao uko palepale. Foleni ndiyo iliyorefuka, na mbele yake wapo vijana waliofika na kitu cha ziada.

Sasa twende kwa mjomba wa Dar. Kijana wa jirani alijitolea karibu mwaka. Tukadirie gharama yake. Nauli ya daladala kwenda na kurudi pamoja na chakula cha mchana, tuseme shilingi 5,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 110,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 1,320,000. Hapo hujalipa chumba, kwa sababu chumba ni cha mjomba. Hujanunua shati la ofisini wala bando la kutuma maombi mengine usiku. Na katika mwaka huo wote hakutuma hata senti nyumbani, wala hakuna aliyemdai, kwa kuwa baba yake ana pensheni. Mwanao hakuwa na njia ya kufanya hivyo hata kama ofisi ingempokea kwa mikono miwili. Alihitaji kula jioni ileile, na bodaboda inalipa jioni ileile.

Angalia basi yule mwingine alichokipata. Alipata mstari wa "uzoefu" kwenye CV, ule unaotumika kuchuja. Akajua ofisi inavyozungumza, barua pepe inavyoandikwa, bosi anataka ripoti ya namna gani. Akajua nafasi inatarajiwa kabla haijatangazwa. Na pakawa na mtu mmoja aliyeweza kusema, "huyu namfahamu, anafika kazini saa moja na nusu." Vijana wengi wananiandikia kwamba bila koneksheni huajiriwi, wakimaanisha rushwa na kubebana. Rushwa ipo na nisingependa kuipunguza uzito, ila koneksheni nyingi hazina rushwa ndani yake, na ndiyo maana ni ngumu kuzipiga vita. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliwauliza wanaume 282 wa mji wa Newton, Massachusetts, wenye kazi za kitaalamu na uongozi, jinsi walivyozipata. Asilimia 56 walizipata kupitia mtu wanayemfahamu. Na watu hao kwa sehemu kubwa hawakuwa ndugu wala marafiki wa karibu; walikuwa watu wa kuonana mara mojamoja, kama mfanyakazi mwenza wa zamani. Sababu ni kwamba watu wako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, na habari mpya huja kutoka kwa wa mbali kidogo. Ndugu zenu Singida wanajua bei ya alizeti na mvua za msimu. Nafasi ya ofisa ugavi itakayotokea Dar mwezi wa tisa hawawezi kuijua, hata wawe wanampenda mtoto kiasi gani.

Hapo ndipo ninapoona ukosefu wa haki wa zama zetu. Zamani mlango ulifungwa kwenye mtihani wa darasa la saba, na kila mtu aliuona. Sasa mlango uko kati ya mahafali na mshahara wa kwanza, mahali ambapo hakuna mtihani, hakuna matokeo yanayobandikwa ukutani, na mzazi aliyekwama anadhani mtoto wake hakujituma. Kijana wako mwenye GPA ya 3.9 alijituma.

Hata wanaovuka hawaanzi sawa. Sam Friedman na Daniel Laurison walipochunguza kazi za hadhi Uingereza, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2019, walikuta waliotoka familia za vibarua wanalipwa wastani wa asilimia 16 pungufu ya wenzao waliotoka familia zenye uwezo, wakiwa ndani ya kazi hizohizo za hadhi. Waliwahoji waigizaji, wahasibu, wasanifu majengo na watu wa televisheni, na jambo lililojirudia lilikuwa fedha za wazazi: mwenye nazo anaweza kusubiri nafasi nzuri, kukataa mbaya, kuhamia mji wenye kazi. Kwetu kuna makato yanayofanana na hayo. Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Aliyelipiwa na baba yake anachukua mshahara wake bila makato hayo. Siupingi mkopo, maana bila huo maelfu wasingefika chuo. Lakini vijana wawili kwenye meza mbili zilizoshikana, cheo kimoja, hawapokei fedha sawa, na yule mwenye pungufu ndiye anayetakiwa pia kumlipia mdogo wake.

Niguse lugha kwa ufupi, kwa sababu inamhusu binti. Pierre Bourdieu, mwanasosholojia Mfaransa aliyekuwa mtoto wa mfanyakazi wa posta wa kijijini, alionyesha kwamba shule hutuza vitu ambavyo haikuvifundisha yenyewe: msamiati, namna ya kujieleza, utulivu mbele ya wakubwa. Mtoto aliyevipata nyumbani anaonekana ana kipaji. Kwetu kitu hicho kina sura ya Kiingereza. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia, historia na hata maelekezo ya mtihani kwa Kiingereza. Aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza anasoma fizikia. Mwenzake anasoma fizikia na lugha kwa pamoja, kisha tunawapa mtihani mmoja. Miaka kumi baadaye, kwenye usaili, anayejua jibu lakini anatafuta maneno anaonekana hajui. Naamini taifa linajidhuru kwa mpangilio huu, na nimesema hivyo kila nilipopata nafasi. Lakini binti yenu atafanya mtihani chini ya mpangilio uliopo.

Kuhusu VETA. Namheshimu sana fundi mzuri, na wapo mafundi umeme wanaowazidi maofisa kipato. Ila wazo la kwamba tukiwapeleka watoto wa wakulima kwenye ufundi tatizo la ajira litaisha ni la zamani. Philip Foster alilichunguza Ghana na kuandika mwaka 1965 kwamba watoto na wazazi wanakimbilia masomo ya ofisini kwa sababu wanaona mahali penye mshahara. Hawajapotoshwa na mtaala, na kubadili mtaala hakubadili mishahara. Ukitaka binti ashone, jiulize kijijini kwenu kuna mafundi cherehani wangapi, wanapata wateja wangapi nje ya msimu wa sare za shule na sikukuu, na nani atamnunulia cherehani. Kama majibu ni mazuri, na yeye mwenyewe anapenda, sawa. Lakini anayefanya vizuri kidato cha nne kupelekwa ushonaji kwa sababu kaka yake hakupata kazi ni kumlipisha binti deni la soko la ajira. Mzee, kama unasoma hili, uchungu wa ekari tatu naujua ulivyo. Lakini nakuomba ujiulize kama ungetoa uamuzi huohuo iwapo aliyeko kidato cha nne angekuwa wa kiume.

Cha kufanya, kwa maoni yangu, ni hiki. Sasa hivi msiuze chochote. Akichaguliwa kidato cha tano cha shule ya serikali, ada hakuna. Itabaki nauli, godoro, sare na vifaa, gharama ambazo msimu mmoja wa alizeti unaweza kubeba. Fedha kidogo mliyonayo iende kwenye kujifunza kwenyewe, yaani vitabu vya hadithi vya Kiingereza, hata vya mtumba, na mtu wa kumsaidia hisabati. Ukikumbuka matokeo ya Nairobi na Dar, hapo ndipo penye faida isiyofifia. Akimaliza mtihani Novemba, atakuwa nyumbani hadi Julai. Miezi hiyo wengi huipoteza. Akiitumia kusoma Kiingereza na kompyuta, ataingia kidato cha tano akiwa na nafasi sawa zaidi na waliotoka shule za kulipia. Kama yuko kwenye masomo ya sayansi, mwambieni mapema kwamba kuna ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo hayo, ambao hauna marejesho.

Ikifika chuo, ombeni mkopo kwa uangalifu wote, nyaraka zote zikiwa kamili, kwa sababu kila asilimia mnayoikosa ndiyo inayouza shamba. Kabla ya kuchagua kozi, ulizeni waliohitimu kozi hiyo miaka mitatu iliyopita wako wapi leo, si chuo kinasema nini kwenye tangazo. Na kama ni lazima kuuza ekari moja, iuzwe mwaka wa mwisho, fedha ikae, iwe ya kumlisha na kumlaza mjini mwaka ule wa kwanza baada ya mahafali. Familia nyingi za wakulima hutumia kila kitu kabla ya mlango na kukosa nauli ya kuuvuka. Natamani isiwe hivyo. Natamani kujitolea bila malipo kukatazwe, kila ofisi inayomtumia kijana mwaka mzima imlipe angalau chakula na nauli, na nafasi zote zitangazwe mapema hadharani. Wanaotunga sheria wana uwezo wa kufanya hivyo. Mpaka wafanye, ekari moja iliyobakizwa itafanya kazi ya mjomba.

Na kijana wa Dodoma asihesabiwe kama aliyekwisha. Taaluma yake ina Bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, PSPTB, na kufanya kazi ya ununuzi na ugavi kwa utaratibu wa sheria kunahitaji usajili wake. Wengi wanaohitimu hawaendi huko kwa sababu mitihani ya kitaaluma ina ada. Aulize anastahili kuanzia ngazi gani na kuna gharama gani. Ajisajili pia TaESA, huduma za ajira za serikali, na aulize masharti ya mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Dodoma imejaa ofisi, na yeye kila siku anabeba watu wanaofanya kazi humo. Abiria wake wa kudumu wajue ana shahada gani na GPA gani. Mkataba wa pikipiki ukiisha na chombo kikawa chake, ile hesabu aliyokuwa anampelekea tajiri kila jioni itabaki mfukoni mwake. Kabla haijaanza kuombwa na kila mtu nyumbani, wewe na mzee mwambieni miezi ya kwanza ya fedha hiyo ni ya PSPTB.